Ikoni Isiyo na Mshale

Masomo ya siku yakiisha, Nevena hakuwa na haja ya kujiuliza aende wapi. Alipita duka la mikate la kona, akanunua vipande viwili vya banitsa, ule mkate wa jibini unaotoka jikoni ukichuruzika siagi, akavifunika kwa skafu yake visipoe, kisha akateremka mbio mtaa wa mawe hadi kwenye kibanda cha mama yake, ubavuni mwa posta. Kila siku mama alimgombeza kwa sababu ya mafuta kwenye skafu, na kila siku mama huyo huyo alikula banitsa yake bila kubakisha hata chembe.

Juu ya mlango wa kibanda paliandikwa: KUNAKILI, KUCHAPA, KARATASI ZA MSIBA. Kunakili na kuchapa kulileta wanafunzi na wafanyakazi wa posta. Karatasi za msiba zilileta mji mzima. Pale Lipovo, mtu akifariki, watu wake hubandika karatasi yenye picha na jina lake langoni, kwenye kituo cha basi, mlangoni mwa kanisa na kwenye ubao mkubwa wa sokoni. Siku ya arobaini hubandika nyingine, nusu mwaka ikipita nyingine, na mwaka ukitimia nyingine tena. Kwa hiyo wateja wa Galina, mama yake Nevena, hawakuwa watu wa kuja mara moja na kupotea.

Galina naye alikuwa na mambo yake. Mafaili ya wafiwa aliyaweka mbele kabisa, kwenye eneo-kazi la kompyuta, ili mteja akiingia asimsubirishe. Lakini hakuyapa majina ya marehemu.

"Nikae nao wakinikodolea macho kutwa nzima?" alikuwa akisema. "Mimi mwenyewe roho yangu nyepesi."

Basi kila folda aliipa jina la kitu kilichoonekana pichani. Mzee aliyepigwa picha na paka akawa Paka. Fundi viatu aliyevaa kofia ya manyoya akawa Kofia. Folda moja iliitwa Pilipili. Zilijaa skrini yote, pamoja na ikoni za printa, michezo ya zamani na vitu ambavyo hata Galina hakukumbuka viliingiaje. Ukiitazama ile skrini ungedhani mtu amemwaga kabati la jikoni sakafuni.

Mwanzoni mwa Machi, Mwalimu Vasileva aliingia darasani kufundisha kompyuta.

"Ikoni ni picha ndogo inayosimama mahali pa kitu," alisema, akigonga skrini kwa kalamu. "Tazameni kona yake ya chini. Mnaona mshale mdogo? Hiyo ni njia ya mkato, yaani kibao tu kinachokuelekeza kitu kilipo. Ukiifuta, kitu chenyewe kinabaki salama kule kilikowekwa."

Hapo Tedi, rafiki yake Nevena, akaangusha bonge la uzi. Wote wawili walikuwa wakisokota kwa siri nyuzi nyekundu na nyeupe, zile zinazofungwa mkononi kila Machi, na bonge likabingirika hadi chini ya dawati la mbele. Nevena akatambaa kulifuata. Alipokuwa chini huko akigombana na viatu vya wenzake, mwalimu aliendelea kusema, "Lakini ikoni isiyo na mshale, jamani, hiyo ni kitu chenyewe. Ukiifuta, umekifuta." Nevena hakuyasikia hayo. Alirudi kitini na uzi wake, akiwa na nusu ya somo na akili imetulia kama aliyelipata zima.

Siku ya akina mama ilikuwa inakaribia. Watoto wote wa Lipovo walikuwa wanatafuta maua ya kuwapa mama zao, na Nevena alitaka kutoa kitu ambacho hakuna mwingine angekifikiria. Angemsafishia mama kompyuta. Mama angeifungua asubuhi na kukuta skrini safi, yenye picha moja tu ya maua ya theluji, yale meupe yanayochipua theluji ikianza kuyeyuka.

Alasiri moja mama alivaa koti. "Naenda kupeleka kadi shuleni," alisema. "Akija mtu mwambie asubiri. Na wewe usiguse kitu, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mlango ulipofungwa tu, Nevena akakamata kipanya. Akafuta michezo ya zamani. Akafuta Kofia. Akafuta Paka, Baiskeli, Pilipili. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, naye akabofya ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayekaribisha wageni. Kwake zile zote zilikuwa vibao vya njia tu. Alipomaliza, likabaki pipa la takataka pale konani, limejaa makaratasi yaliyokunjwakunjwa. Akaona halipendezi. Zawadi gani inatolewa na takataka zake? Akalimwaga.

Kisha akaweka maua ya theluji, akaegemea kiti na kutabasamu. Ilikuwa nzuri kweli. Ili kuhakikisha, akaingia ndani ya kompyuta kutafuta Kofia mahali ilikowekwa. Hakuiona. Akaandika Paka kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna. Akaandika Pilipili. Hakuna.

Nje alisikia sauti ya mama akisalimiana na mtu wa posta. Haraka haraka akayaondoa maua ya theluji, akarudisha rangi ya zamani, akasimama mbali na meza huku amebana mikono nyuma.

Galina aliingia, akavua koti, akatazama skrini. "He! Vitu vyangu viko wapi?"

Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi wa Nevena. Angeusema wakati ule, hadithi hii ingekuwa fupi.

"Sijui, Mama. Nimekuta hivyo. Labda Kamen."

Kamen alikuwa kijana wa kutengeneza kompyuta. Asubuhi ile ile alikuwa amekuja kubadilisha feni, na tangu hapo Galina alikuwa akikunja kadi, hajaitazama skrini.

"Huyo naye!" Galina akasonya. "Kaambiwa feni, kaenda kupanga nyumba. Atakuwa ameviweka mahali." Akampigia simu, haikupatikana. Mama yake Kamen alisema kijana ameondoka mchana kwenda kijijini kwa shangazi yake kupogoa mizabibu, na kule simu haishiki. "Haya, atarudi," alisema Galina, akaendelea na kazi. Kadi za siku ya akina mama zilikuwa zinamsubiri, na mabango ya tamasha la shule, na vipeperushi vya duka la mbegu. Kila siku alipokea picha mpya, akachapa na kuhifadhi. Kila siku Nevena alileta banitsa, akakaa kimya kwenye kigoda chake. Siku ya akina mama alimpa mama yake ua la dukani. Mama alimbusu kwenye paji la uso, na Nevena akatamani kulia.

Wiki iliyofuata mlango ulifunguliwa taratibu, akaingia Babu Ilcho, kofia mkononi. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, jirani wa mtaa wa juu, na tangu mkewe Bibi Stoyna afariki alikuwa akiongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili.

"Galina, mwanangu, mwaka unatimia," alisema. "Nataka karatasi. Weka ile ile picha, ile anayocheka."

"Kaa, Babu, kaa. Dakika hii hii." Galina aligeukia kompyuta, kisha akakumbuka. Akaanza kutafuta. Alitafuta hapa, akatafuta pale, na kadiri alivyotafuta ndivyo shingo yake ilivyozidi kuwa nyekundu. "Babu, huna nakala nyingine? Hata kwenye simu?"

"Ya Stoyna?" Mzee alicheka kidogo. "Wewe si ulimjua? Akiona kamera anakimbia kama mbuzi aliyeona mvua. Kwenye kitambulisho amenuna utafikiri anadaiwa. Hii moja binti yetu Lilyana alimvizia akitunga pilipili barazani. Jogoo alikuwa ameingia kwenye karai, ndiyo maana anacheka. Lilyana akaileta hapa, ukaitoa kwenye simu kwa waya, si unakumbuka? Halafu ile simu ikaibiwa kwenye treni akirudi Hispania." Akaipapasa kofia yake magotini. "Nina hiyo tu. Yaani, unayo wewe."

Nevena alikuwa amekaa kwenye kigoda, banitsa imepoa mkononi. Pilipili. Hakuwahi hata kuifungua ile folda. Alikuwa amemfuta Bibi Stoyna akicheka, bila hata kumwangalia.

Ikatokea kwamba Kamen alirudi kutoka kijijini siku hiyo hiyo, akapita kusalimia, viatu vimejaa udongo. Hakuwahi kumaliza salamu.

"Umefanya nini na kompyuta yangu?" Galina alimpokea mlangoni.

"Nimebadilisha feni, Shangazi Galina. Bado inalia?"

"Usinichezee! Picha za marehemu za watu ziko wapi?"

"Mimi nilishika bisibisi tu, Shangazi. Kipanya hata sikukigusa, naapa."

"Kwa hiyo zimeota miguu? Mzee wa watu amekaa hapa, tazama, na wewe unanipa hadithi! Ondoka. Ondoka na usikanyage tena hapa."

Kwenye foleni ya posta watu waligeuka kutazama. Kamen alifungua mdomo, akamwona Babu Ilcho na kofia yake, akaufunga. Akaondoka huku masikio yamemwiva. Nevena alingoja mdomo wake useme kitu. Haukusema.

Lipovo si mji wa kuficha habari. Kesho yake asubuhi, somo la kompyuta likiwa linaanza, mashine ya nyuma ikagoma kuwaka.

"Tumwite Kamen, Mwalimu," alisema Tedi.

Mwalimu Vasileva alitikisa kichwa. "Mkuu wa shule amesema tutafute mwingine. Inasemekana huyo kijana si mwangalifu na vitu vya watu. Inasikitisha, nilimfundisha mwenyewe."

Tedi akamnong'oneza Nevena, "Masikini. Si ndio alikuwa anajenga jina?" Nevena alitazama skrini iliyokuwa mbele yake, ikoni zikiwa zimepangwa mistari, nyingine na mshale kwenye kona, nyingine hazina. Akanyoosha mkono, mara ya kwanza mwaka ule bila kulazimishwa.

"Mwalimu, zisizo na mshale je?"

"Nilisema, Nevena. Hizo ni vitu vyenyewe."

Siku hiyo hakupita duka la mikate. Alifika kibandani mikono mitupu, akihema, na mama akashtuka kumwona.

"Ni mimi," Nevena alisema kabla mama hajauliza kitu. "Si Kamen. Nilitaka kukusafishia, iwe zawadi. Nilidhani ni vibao vya njia tu. Nikafuta, nikamwaga pipa, halafu nikaogopa." Machozi yakamtoka, akayaacha.

Galina hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kiti, akatazama mikono yake.

"Nimemtukana mtoto wa watu mbele ya posta nzima," alisema. "Na wewe ulikuwa umekaa pale, unatazama." Kisha akasimama. "Vaa koti vizuri. Twende."

Kamen walimkuta gereji kwa baba yake, akifungua redio ya zamani. Aliposikia aliyoyasikia, alimtazama Nevena kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kumbe jambazi ni wewe, kimo chako hakizidi fagio," alisema. Lakini hakutabasamu sana. Galina akamwomba msamaha, naye Nevena akaomba, sauti haitoki vizuri. Kamen akafuta mikono kwa kitambaa. "Umekaa na hili tangu lini?"

"Tangu siku ile ya feni."

"Aa, mdogo wangu." Akapiga mluzi wa kusikitika. "Haya, twende tuone kimebaki nini."

Alifanya kazi hadi watu wa posta walipofunga. Huku akifanya, alimweleza Nevena bila kumtazama. "Ukimwaga pipa, kitu hakiondoki papo hapo. Kompyuta inaandika tu kwamba ile nafasi ni wazi. Kitu kinabaki pale pale, hadi kazi nyingine iwekwe juu yake. Ungesema siku ile, mashine ingezimwa hadi nirudi, nami ningevitoa vyote. Kazi ya muda wa kikombe kimoja cha chai tu." Akaonyesha kwa kidevu rundo la kadi na vipeperushi. "Sasa vyote hivi vimelala juu yake."

Kofia na Baiskeli zilipatikana. Paka ilipatikana nusu, lakini wenyewe walikuwa na picha nyumbani. Pilipili ilikuja mwisho. Kamen aliifungua, na wote watatu wakasogea.

Juu kabisa palionekana anga. Chini ya anga, mitungo ya pilipili nyekundu ikining'inia kwenye boriti ya baraza, nyekundu ya kung'aa. Kisha picha ikakatika, na kuanzia hapo hadi chini ilikuwa mistari ya kijivu tu. Mahali pa uso wa Bibi Stoyna palikuwa kijivu.

"Ndiyo hiyo tu," alisema Kamen kwa upole. "Shangazi, na wewe samahani nikikuambia, vitu vya namna hii huweki sehemu moja tu."

"Niambie," alisema Galina. "Nastahili."

Kwa Babu Ilcho Nevena alikwenda kesho yake. Mama alimsindikiza hadi kwenye kona, akasimama. "Hapa unaenda mwenyewe. Maneno ni yako."

Mzee alikuwa uani akipasua kuni. Nevena aliyasema yote amesimama, akikisokota kile kiuzi chekundu na cheupe mkononi. Babu Ilcho alisikiliza hadi mwisho. Akaweka shoka chini taratibu.

"Basi," alisema. Akakaa kwenye gogo. "Basi, mjukuu wangu. Mimi kila nikipita pale kwa mama yako nilikuwa najiambia, yumo humo ndani, anacheka." Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Nevena kuliko kitu kingine chochote.

Alipokuwa anatoka, kichwa chini, aliiona karatasi ya nusu mwaka bado imebandikwa langoni. Jua na mvua vilikuwa vimeifuta hadi ikawa nyeupe, limebaki jina tu. Akasimama.

"Babu," alisema, "karatasi zake nyingine mlizibandika wapi na wapi?"

Babu Ilcho aliinua kichwa. Kisha akainuka na kutafuta koti lake.

Waliandamana wote, Galina na Kamen pia. Kituo cha basi kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Mlango wa kanisa padri alikuwa ameusugua kwa ajili ya Kwaresima hadi ukang'aa. Ukabaki ubao wa sokoni. Ule haukuwa umesuguliwa na mtu miaka mingi. Karatasi zilikuwa zimebandikwa juu ya karatasi hadi zikawa nene kama godoro.

Muuza chai wa sokoni akawapa birika la maji ya moto. Galina alilowesha kwa sifongo, Nevena akabandua kwa kisu cha siagi, polepole, karatasi moja baada ya nyingine. Kila uso ulipotokea, Babu Ilcho aliutambua.

"Samahani, Asparuh, tunapita tu. Ahaa, Bibi Penka, na wewe uko hapa? Alikuwa anapunja kwenye karata huyu. Bandua taratibu, mwanangu, alikuwa na hasira za karibu."

Muuza chai alicheka, na hata Nevena alicheka kidogo, kisha akaona aibu kwa kucheka. Wakaendelea. Maji yalipoa, yakaletwa mengine. Chini ya fundi viatu mwenye kofia kisu kilinyanyua pembe ya karatasi nyingine, na Babu Ilcho akaushika mkono wa Nevena.

"Ngoja," alisema. "Hapo ngoja."

Alikuwepo. Zile zilizobandikwa juu yake zilikuwa zimemkinga na jua na mvua. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, kama zilivyo karatasi zote za msiba, na gundi ilikuwa imeacha doa shavuni. Lakini mdomo ulikuwa wazi, macho yamefumba kwa kicheko, na mkono mmoja umeinuliwa kumfukuza jogoo ambaye hayumo pichani. Nevena alimtazama kwa mara ya kwanza. Babu Ilcho aligeukia upande wa maduka, akapenga kamasi kwa nguvu, hakugeuka upesi.

Kibandani waliikausha, wakaipitisha kwenye skana. Kamen akaondoa doa. "Naweza kuitia rangi pia," alisema. "Nitakisia tu."

"Usikisie," alisema Babu Ilcho. "Iache hivyo."

Galina akaihifadhi kwenye kompyuta, akaihifadhi kwenye flashi ya Babu, akaihifadhi kwenye flashi nyingine iliyokaa sandukuni. Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa shule na kumweleza habari za Kamen mbele ya walimu wote. Kisha akasimama nje ya posta, foleni ikiwa ndefu, akarudia kwa sauti ile ile aliyomtukania. Nevena alisimama kando yake wakati wote huo. Mashine ya nyuma darasani ilitengenezwa na Kamen.

Jioni, kabla ya kufunga kibanda, Galina alimwita binti yake mbele ya skrini. Ikoni zilikuwa chache sasa. Moja ilikuwa peke yake pembeni, folda ndogo ya njano, haina mshale. Chini yake paliandikwa Pilipili.

"Unaiona hii?" alisema. "Ni kapicha kadogo kuliko ukucha, na kufuta kwake ni kubofya tu. Lakini nyuma yake kuna kitu cha mtu. Usichokijua, uliza kwanza kabla ya kukigusa. Na mimi nimejifunza langu, kitu cha mtu hukiweki mahali pamoja, wala humhukumu mtu bila kuwa na uhakika." Akamvuta Nevena karibu. "Ila nisikilize, mwanangu. Si kufuta kulikoipoteza ile picha. Kufuta kungetengenezeka. Zilizoipoteza ni zile siku ulizonyamaza. Kila siku ulikaa hapo kwenye kigoda, na kila siku ilikuwa inafutika kidogo zaidi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka."

Nevena aliinamisha kichwa kukubali.

Siku mwaka ulipotimia, alikwenda na Babu Ilcho kubandika karatasi mpya langoni. Mzee alipaka gundi, Nevena akalainisha kwa kiganja ili pasibaki mkunjo. Kule juu ya uzio mti wa plamu ulikuwa umeanza kuchanua, kwa hiyo Nevena alifungua uzi wake wa Machi na kuufunga kwenye tawi, kama kila mtu afanyavyo. Kisha wakasimama kuitazama karatasi.

"Babu," alisema Nevena, "hiki kitambaa chake cha kichwa kilikuwa rangi gani?"

Babu Ilcho alisogeza uso karibu na karatasi. Nevena alidhani amemuumiza, akataka kuomba radhi.

"Buluu," mzee alisema. "Si buluu ya anga. Ile nzito, ya mabirika ya bati. Kilikuwa na vidoa vyeupe pembeni, na hapa," akagusa sikio lake, "palikuwa pametoboka kwa kaa la moto, hakutaka kupashona."

Nevena aliitazama picha ile ya kijivu, akarudia taratibu, "Buluu ya birika. Vidoa vyeupe. Pametoboka hapa."

"Ee," alisema Babu Ilcho, akafunika kopo la gundi. "Sasa tuko wawili tunaojua."